Kiingereza cha Makao Makuu

9 Januari

Shangazi,

Shikamoo. Naanza na baba, maana nikianza na mambo yangu utaikunja barua uiweke chini ya redio. Macho yake yanaendeleaje? Daktari ameshataja siku ya kumpasua au bado anawazungusha? Mwambie aache kusoma gazeti kwa kulinusa. Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linaloangalia ukuta wa jirani, lakini ukuta wenyewe ni msafi.

Wenye kampuni wapya wameshaingia. Nyinyi huko kiwandani labda mmebadilishiwa kibao cha getini tu. Sisi huku makao makuu tumebadilishiwa lugha. Unajua shuleni Kiingereza nilikuwa naongoza darasa zima. Basi siku ya kwanza mkurugenzi mpya akaniita, akaniambia nifanye “reach out” kwa watu wa mauzo. Mimi najua hiyo ni kunyoosha mkono. Nikaenda mpaka mezani kwao, nikampa kila mmoja mkono, nikarudi. Akaniuliza wamesemaje. Nikamjibu wamesema salama.

Kumbe alitaka niwaandikie. Tangu siku hiyo najifunza upya kama mtoto wa chekechea. “Low-hanging fruit”, matunda yanayoning'inia chini, ni kazi rahisi ya kuanza nayo. “Circle back”, kuzunguka na kurudi, maana yake tutaongea siku nyingine, na siku hiyo haiji. Mtu akikwambia hana “bandwidth”, anasema hana nafasi, yaani hataki.

Wametuletea mwalimu kila Jumanne na Alhamisi. Tuko sita, na mtihani ni mwisho wa Machi. Tangazo linasema atakayeshindwa atasaidiwa kupata mahali panapomfaa zaidi. Niliuliza mahali hapo ni wapi. Mwalimu akasema, “Nje.”

Maneno nayaandika kwenye daftari la kiwanda chenu. Nikiona mistari imenyooka namjua aliyeisimamia.

Wako,
Kasuku

27 Januari

Kasuku mwanangu,

Marahaba. Baba yako amepangiwa mwezi ujao, jicho la kulia kwanza. Gazeti ameacha kunusa. Sasa ananiamuru nimsomee mimi, na nikiruka tangazo la msiba hata moja anajua.

Barua yako niliisoma kwa sauti chumba kizima cha kubana madaftari. Fundi wa mashine alicheka mpaka spana ikamtoka mkononi. Siku hizi watu hapa wakionana asubuhi wanapeana mikono, wanaambiana “richi auti”. Umeshakuwa mwalimu wetu bila kujua.

Mambo haya usinipigie simu. Simu ni ya kujuliana hali, tena mara uko chooni mara uko barabarani. Mpe barua dereva wa lori la madaftari, mimi pia nitampa yeye. Akichelewa tutavumilia.

Sasa nisikilize. Ubaoni pamebandikwa karatasi ya Kiingereza, ukurasa mzima. Tulipomuuliza meneja akasema, “Ni mambo mazuri, ni mambo mazuri,” huku anarudi kinyumenyume kuelekea ofisini kwake. Kiingereza changu mimi kinaishia kwenye jalada la daftari: jina, shule, darasa, somo. Ila nimeona neno moja limerudiwa mara nne, nikalinakili herufi kwa herufi: “streamline”. Niambie ni nini. Chumba hiki tuko kumi na tisa, na wote wananitazama mimi, kwa kuwa kwa miaka mitatu nimewachosha kwa kujisifu kwamba mtoto wa kaka yangu yuko makao makuu.

Shangazi yako, ambaye huku bado wanamwita Bi Mistari

19 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Lori lilipita mara mbili, mara zote mbili nilikuwa kikaoni. Vikao vimekuwa vingi. Juzi tulikuwa na kikao cha kupanga namna ya kupunguza vikao, tukakubaliana tukutane tena.

Nimefurahi kusikia jicho la baba limefunguliwa salama. Kweli kitu cha kwanza alichosema ni kwamba umenenepa?

Kuhusu lile neno. “Streamline” ni kunyoosha kazi, itiririke vizuri isikwame njiani. Ni neno la kawaida tu, huku hata chai wanainyoosha. Msijali.

Mwalimu amenisifu mbele ya wenzangu. Amesema nina sikio. Mkurugenzi naye ameanza kuniita kumsaidia kuandika matangazo, kwa hiyo mezani kwangu wameongeza taa.

Nina mengi, ila dereva anapiga honi.

Kasuku

5 Machi

Kasuku,

Marahaba. Baba yako anaona. Ametazama nyumba nzima na hakuna alichokipenda. Amesema pazia ni baya, kuta ni mbaya, na fundi aliyeezeka bati alikuwa mlevi. Tunangoja jicho la pili kwa hofu.

Tangazo la pili limekuja, na hili nimelitatua mwenyewe bila kukusumbua. Neno lake kubwa ni “rightsizing”. Nilikaa nalo mezani na kamusi ya shule. Neno la kwanza ni sawa, au sahihi. La pili ni kipimo. Kupata vipimo sahihi! Mwanangu, nilipiga kofi mezani. Miaka sita sasa tunaomba sare mpya. Hizi tulizonazo zilishonwa kwa kipimo kimoja kwa wote. Fundi wa mashine anatembea kama kavaa hema, na mimi vifungo viwili vya katikati sijavifunga tangu wanipe.

Niliwatangazia watu, wakashangilia. Fundi akaleta futi yake. Tulitumia mapumziko ya siku mbili kupimana, wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume. Mkunja majalada ana mimba ya miezi mitano, basi nimeandika kiuno chake cha sasa na cha baadaye. Yule mzee wa gundi alivuta tumbo ndani, nikamwambia apumue, sare haishonwi kwa mtu aliyeziba pumzi.

Orodha nimeiweka humu ndani. Majina kumi na tisa, mabega, kiuno, urefu wa mkono. Nimeipigia mistari kwa rula. Ifikishe kwa anayehusika, na umwambie tunapendelea rangi isiyoonyesha wino.

Shangazi yako

16 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Orodha imefika. Nitaifikisha panapohusika.

Wiki hii nimebanwa na maandalizi ya mtihani, nafasi ni finyu, ila suala hili liko kwenye rada na nitarudi kwako mara tu kutakapokuwa na la kusema. Kwa sasa usiwaahidi watu chochote zaidi. Na wasigawe sare za zamani.

Kasuku

29 Machi

Kasuku,

Hukuuliza habari za baba yako.

Niliigeuza karatasi nyuma nikidhani umeandika huko. Tangu umeanza kushika kalamu hujawahi kuniandikia bila kuuliza habari za nyumbani, hata ile barua ya shuleni uliyokuwa unakiri umevunja dirisha. Anaendelea vizuri, asante kwa kutouliza. Na mimi naendelea vizuri.

Barua yako niliisoma mara tatu, peke yangu. Chumba kizima waliniuliza Kasuku anasemaje, nikawaambia anawasalimu. Kusema kweli sikujua ulichosema. Maneno ni ya Kiswahili, ninayajua moja moja, lakini ukiyafunga pamoja yananiteleza. Suala liko kwenye rada. Mimi ni meli?

Halafu nikarudi ubaoni. Yule binti mpya wa stoo amesoma kidogo, nikamwomba anitafsirie tangazo la pili mstari kwa mstari, polepole, bila kunionea huruma. Hakuelewa yote. Lakini mstari wa mwisho aliuelewa vizuri. Unasema: tunawatakia afya nyinyi, watoto wenu, na wazee wenu nyumbani.

Nimefanya kazi hapa miaka ishirini na miwili. Nimepitia wakurugenzi wanne. Sijaona mkurugenzi anayewasalimia wazee wetu nyumbani.

Ninayemjua ambaye hawezi kumaliza barua bila kuwasalimia wazee ni mmoja, na nilimfundisha mimi.

Nijibu kwa lugha niliyokulea nayo.

8 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mwambie baba nimemkumbuka, na nisamehe kwa ile barua. Niliona kilichokosekana wakati lori limeshaondoka.

Ni mimi niliyeandika. Lile tangazo la pili, na salamu zake.

Maana yake ni hii. Chumba cha kubana kinafungwa. Mashine inapelekwa kiwanda kingine mwisho wa Juni, na nyinyi hamwendi nayo. Wote kumi na tisa. Nimeliona jina lako, ni la nne.

“Streamline” nilijua maana yake nilipokujibu. Nilijiambia labda hawatafika huko. Kisha mkurugenzi akaniita, akafunga mlango, akasema anataka kuwaambia watu wa kiwandani habari hii kwa neno lisilo na makali. “Wewe una sikio,” akaniambia. Nilimwandikia maneno matatu kwenye karatasi, kama muuza vitambaa anayemtandikia mteja achague. Akagusa la mwisho, “rightsizing”, yaani kupunguza watu. Siku iliyofuata akalisoma kwa sauti mbele ya idara nzima, akataja kwamba limetoka kwangu, watu wakapiga makofi.

Nilifurahi, Shangazi. Hicho ndicho nilichokuwa nakwepa kukuandikia. Kwa muda wa yale makofi sikumkumbuka mtu yeyote.

Ule mstari wa salamu niliuongeza kwa sababu tangazo lilinitazama vibaya likiwa halina hata mtu wa kumjulia hali. Aliuliza wazee wanaingiaje hapo. Nikasema ndivyo watu wanavyopenda. Akasema nina kipaji.

Orodha yenu nilimpelekea kweli. Nilidhani akiona majina ya watu na viuno vyao ataona haya. Akauliza hizi namba ni za nini, nikamweleza mlivyoelewa. Alicheka, si kwa ubaya. Akasema anafurahi kuona wafanyakazi wanashiriki mabadiliko zaidi ya alivyotegemea.

Mtihani nimepita. Nimekuwa wa kwanza.

Kasuku

1 Mei

Kasuku,

Marahaba. Jicho la pili limepasuliwa, amefungwa bandeji, na kwa siku tatu nyumba ina amani.

Barua yako niliwasomea wote, mashine zikiwa zimezimwa. Ile sehemu ya kufurahi sikuisoma. Hiyo nimeibakiza kwangu.

Hakuna aliyepiga kelele. Heri wangepiga. Fundi wa mashine alichukua futi yake pale mezani akaivingirisha taratibu, akaitia mfukoni. Mkunja majalada akaniambia, “Kwa hiyo Bi Mistari, nilipimwa kwenda nyumbani.” Mzee wa gundi tangu siku hiyo hanisalimii. Anaamini nilijua, nikawachezea.

Siwezi kukwambia hapa ninavyojisikia juu yako, kwa sababu kila nikianza sentensi naichana. Madaftari hapa ni mengi, ila yana mwisho.

Mkurugenzi wako anakuja tarehe 20 kuzungumza nasi. Meneja anasema kutakuwa na karatasi za kusaini siku hiyohiyo, za Kiingereza, na ataletwa mkalimani. Jitolee. Sina ombi jingine. Ukishasimama mbele yetu, useme anachosema. Usiseme anavyokisema.

Shangazi yako

23 Mei

Kasuku,

Baba yako anaona kwa macho yote mawili, na ameniambia umekonda. Alikuja mpaka getini siku ile, hukumwona.

Wewe ulikuwa umesimama mbele, kwa hiyo hujui ilivyokuwa kwetu huku kwenye mabenchi. Ngoja nikwambie. Mkurugenzi alianza kuongea, mikono inapanda na kushuka, dakika mbili nzima. Neno “family” tulilisikia mara tano. Mkunja majalada akanong'ona, “Labda tumeokoka.” Kisha akanyamaza, akakutazama, na wewe ukasema:

“Anasema chumba cha kubana kinafungwa tarehe thelathini Juni.”

Ukafunga mdomo. Akageuka, akakuuliza kitu. Hata sisi tusiojua tulielewa kwa uso wake anauliza kama ni hayo tu. Binti wa stoo anaapa ulimjibu kwamba Kiswahili ni lugha ya mkato. Ulisema hivyo kweli? Mwongo mkubwa wewe.

Akaendelea. Safari, milango, upeo, sijui nini, hata binti wa stoo alipotea. Ukasema, “Anasema mashine inahamishwa. Nyinyi hamhamishwi.”

Akamwaga mengine, akaweka mkono kifuani. Ukasema, “Anasema anasikitika.” Ukafikiri kidogo, ukaongeza, “Hilo amelisema hivyohivyo.”

Halafu meneja akagawa zile karatasi na kalamu mpya, kila mtu na yake. Nawe ukaichukua moja. Mkurugenzi akaeleza, naye anatabasamu. Na wewe ukaisoma kimoyomoyo mpaka chini kabla ya kufungua mdomo, watu wote wanangoja.

“Karatasi hii,” ukasema, “inasema wewe mwenyewe umeomba kuacha kazi. Hakuna aliyekufukuza. Na inasema baada ya kusaini hutauliza neno popote. Anayetaka kusaini asaini. Asiyetaka anaruhusiwa kwanza kwenda kumuuliza afisa kazi. Hilo la mwisho halimo humu. Nalisema mimi.”

Mzee wa gundi ndiye aliyesimama wa kwanza. Aliiacha karatasi mezani bila saini, akaifunika kalamu vizuri kwa kifuniko chake, akairudisha kwenye boksi, akasema asante. Tukamfuata mmoja mmoja. Mkurugenzi akawa anampa mkono kila anayepita, anadhani tumesaini.

Lakini uliingia kwenye gari lao bila kunisalimia. Nilikuwa hatua kumi. Nilinyoosha mpaka mkono. Hilo nieleze.

Shangazi yako

4 Juni

Shangazi,

Shikamoo, ile niliyokunyima na hii.

Nilikuona. Baba sikumwona, na hilo linaniuma zaidi. Sikusogea kwa sababu ningekusogelea ningelia, na ningelia wangejua wewe ni nani kwangu, kisha wangesema wafanyakazi walichochewa na ndugu yangu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa garini. Sababu nyingine ni kwamba sikujua utanipa mkono au kofi.

Garini mkurugenzi alikuwa na furaha tele. Alisema hajawahi kuona kikao kitulivu kama kile, na kwamba mimi nina kipaji cha kufupisha. Furaha ilidumu mpaka Jumatatu, karatasi zilipofika mezani kwake bila saini, zote kumi na tisa. Jumatano afisa kazi mliyemwendea akapiga simu. Alhamisi mwanasheria wa kampuni alikuja na uso mrefu, na sasa wameandika karatasi nyingine zinazosema mnaachishwa kazi na kampuni, tena kwa Kiingereza na Kiswahili. Hazitawarudishia kazi. Lakini zinasema kilichotokea. Kiswahili chake nimekiandika mimi, ikiwa ndiyo kazi yangu ya mwisho.

Maana na mimi nimepewa barua, kurasa mbili. Inanishukuru kwa mchango, inazungumzia sura mpya, inanitakia mema katika kutafuta mahali panapoendana na vipaji vyangu. Nimeisoma mara moja tu, bila kamusi, nikaielewa yote. Mwalimu wangu angejivuna. Ninaondoka siku moja na nyinyi.

Taa ya mezani wameshaichukua.

Baba ananiuliza kwenye simu narudi lini, namwambia nitaona. Yeye nyumba ni yake, atanipokea tu. Wewe ndiwe ninayekuuliza. Unanitaka hapo?

Kasuku

2 Julai

Kasuku,

Marahaba. Tumeshafunga.

Siku ya mwisho mashine ya kubana ilipakiwa kwenye lori lilelile linalobeba barua zetu. Fundi alisimama chini akiwaelekeza wapakiaji, asiguse kitu lakini anaelekeza tu, kushoto, polepole, hapo pana bomba. Walipofunga turubai akafuta uso, akasema grisi imemwingia machoni. Hakuna aliyembishia. Mkunja majalada amejifungua mtoto wa kike wiki iliyopita, wote wazima. Mzee wa gundi alinipita getini bila neno, akafika mbele, akarudi hatua mbili, akasema, “Bi Mistari, usiku mwema.” Ilikuwa saa nane mchana. Nimeichukua hivyohivyo.

Karatasi mpya tumezisaini. Niliisoma yangu mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, sikumwomba mtu. Inasikitisha, lakini imeandikwa vizuri.

Umeniuliza kama nakutaka. Nimeandika jibu mara nne, la upole na la ukali, nimechana yote. Sasa sikia lililobaki. Sijakusamehe. Yale makofi bado nayasikia, na mimi sikuwepo. Lakini kitanda chako nimekianika juani tangu juzi, na baba yako anauliza kila lori linalopita.

Njoo Jumamosi. Nitakununia siku mbili, pengine tatu, kwa hiyo usishtuke nikikupakulia chakula bila kukutazama. Wewe kula. Nikimaliza kununa nitakwambia.

Shangazi yako